Wagombea wa Marekani Waliposomwa Nyansiongo

Dada yangu mkubwa ana chumba nyumbani kwake ambacho bado hakijalaliwa na mtu. Kina kitanda, godoro ambalo halijavuliwa nailoni yake, na pazia la rangi ya maziwa analolifua kila mwezi ingawa halichafuki. Ni chumba cha binti yake, ambaye huu ni mwaka wake wa saba Marekani, akitunza wazee katika jimbo moja la theluji. Binti ana kibali cha kuishi huko na ameomba uraia. Alimwahidi mama yake kwamba siku atakapoapishwa kuwa raia atapanda ndege aje, kwa sababu hapo hakuna atakayemzuia mlangoni akirudi kule. Kabla ya hapo anaogopa kutoka. Basi yeye anangoja barua ya kuitwa kwenye mahojiano, dada yangu anangoja naye, na mimi ninayekaa shamba la pili kutoka kwa dada, hapa Nyansiongo, nawangoja wote wawili.

Kungoja kwa namna hii humfanya mtu ashike lolote lililo karibu. Kuna wakati dada yangu alishika hali ya hewa ya kule, akawa anatutangazia kwamba theluji imefika magotini kabla binti mwenyewe hajaamka kuiona. Sasa ameshika urais. Rais aliyepo atamaliza muda wake, vyama viwili vikubwa vitatafuta watu wapya, na atakayeingia ndiye atakayesema wageni wakae vipi. Uchaguzi wenyewe uko mbali, hata mchujo wa vyama haujaanza, lakini majina yameshaanza kutajwa. Dada alinikabidhi simu yake kama mtu anayeleta daftari lisahihishwe, akasema, "Mwalimu, hawa wanaotajwa ni akina nani? Nataka kujua wa kumwombea."

Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na udhaifu wangu ni kwamba nikiulizwa swali siwezi kulala nalo. Nilianza kusoma. Nilisoma nikikamua, nilisoma nikingoja lori la maziwa, nikamsumbua mke wangu hata akaniuliza kama nimeomba kazi ubalozini. Kufikia Sabato iliyofuata nilikuwa na wanne wa kuwaeleza.

Sabato hiyo ndiyo iliyokuwa ya usomaji wa kwanza kanisani kwetu. Kwa msomaji asiye Msabato, nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kosa langu. Mwaka unapokaribia kwisha, washirika huchagua kamati ya uteuzi. Kamati hujifungia, ikapanga nani awe mzee wa kanisa, nani shemasi, nani mhazini, nani afundishe lesoni, lile somo la Biblia la kila Sabato. Kisha majina husomwa mbele ya kanisa. Siku hiyo hakuna anayepiga kura. Tunaachiwa juma zima. Mwenye pingamizi hapigi kelele kanisani. Huenda kwa kamati polepole, akasema shida yake kwa sauti ya chini. Sabato inayofuata majina husomwa mara ya pili, na hapo ndipo mikono huinuliwa. Kuna pia sheria ambayo haijaandikwa popote: anayeonekana anataka cheo, hapewi. Nimewahi kuona mtu akikosa uzee wa kanisa kwa sababu alishona suti mpya mwezi wa uteuzi.

Basi mchana ule, baada ya chakula, tulikaa sebuleni kwa dada: yeye, mimi, na jirani yetu shemasi, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa kabla mgongo haujamtoa barabarani. Dada alituletea maziwa ya moto. Huchuma majani ya chai siku tatu kwa wiki na hajawahi kuyanywa, kwa kuwa imani yetu hukataza chai, na hamtengenezei mgeni pia. Simu iliegemezwa dirishani, mahali ambapo mtandao hukubali kukaa.

"Lakini Omong'ina," shemasi akamwambia dada, kwa heshima tunayompa mama mzee, "leo ni Sabato. Tunafungua siasa?"

"Si siasa. Tunachunguza tabia za watu ili tuwaombee."

"Kama ni hivyo, ongeza sauti."

Majina yao hayakutukaa kichwani, kwa hiyo tuliwapa ya kwetu. Wa kwanza alikuwa gavana aliyeonekana akitembea kwenye mafuriko na buti za mpira. Huyo tukamwita Gambuti. Wa pili alikuwa mama wa bunge la juu ambaye huvua miwani kila anapotaka kumwuliza mtu swali baya. Huyo akawa Mama Miwani. Wa tatu ni tajiri anayevaa suti na raba, na wa nne ni kijana mcheshi ambaye kila mahali alivaa sweta, hata palipoonekana pana jua kali. Wawili ni wa chama kimoja, wawili wa kingine, na hakuna hata mmoja aliyetangaza kwamba anagombea.

"Huyu wa raba," dada akauliza, "ana mke?"

"Anaye. Wa pili."

"Wa kwanza alifariki?"

"Waliachana."

"Hata ushemasi hapati."

"Omong'ina, usiguse ushemasi," shemasi akasema. "Mimi ningempa uhazini. Tajiri hana haja ya kuiba sadaka."

"Tajiri ndiye anayejua inavyoibiwa. Endelea, Mwalimu."

Nikawaeleza kuhusu Mama Miwani, jinsi alivyokuwa wakili wa watu wasio na uwezo, na jinsi watu wa chama chake wenyewe wanavyonung'unika kwamba hacheki. Dada alisema mwalimu wake wa darasa la tatu, kule Birongo tulikozaliwa, hakuwahi kucheka na alimfundisha kusoma. Mama Miwani akapita. Kijana wa Sweta alikaa kwenye mizani kwa muda mrefu. Shemasi alimpenda kwa kuwa alibeba mtoto wake mwenyewe jukwaani. Dada alisema mtoto yule alikuwa analia na baba hakugundua, alikuwa anaangalia kamera.

Halafu tukafika kwa Gambuti. Mwandishi wa habari alimfuata kwenye matope akamwuliza kama atagombea urais. Gavana akatikisa kichwa, akasema hilo hata haliko akilini mwake, kwamba anafikiria watu wake waliopoteza nyumba.

Dada akapiga makofi. "Huyo! Hataki! Huyo ndiye wa kupewa."

Nilicheka mpaka maziwa yakanipalia. "Dada, kule mtu akisema hafikirii, jua ameshaandika kitabu cha utoto wake na ameshakwenda kula vyakula vya kukaangwa kwenye jimbo linalopiga kura mapema. Wote husema hawataki, mpaka siku wanapotangaza."

"Kwa hiyo wote ni waongo?"

"Si uongo hasa. Ni desturi."

"Ni kama wale wanaokuja kuposa," shemasi akasema. "Wanajaza sebule, wamevaa tai, wanakwambia wamepita tu kusalimia."

Hilo dada alilielewa, akamsamehe Gambuti papo hapo. Kisha akauliza swali lililonifurahisha kama mwalimu. "Na huo mchujo ukifika, cheti cha kugombea wanapewa wapi? Hotelini, kama wagombea wa hapa kwetu?"

Nilisogeza kiti. Nikamwambia kule hakuna hoteli. Ni kama kamati yetu ya uteuzi, nikasema, ila kamati ni washirika wote. Jimbo moja hupiga kura, halafu jingine, halafu mengine kwa mkupuo, na anayeshindwa anaondoka mwenyewe kwa aibu. Huo ndio usomaji wa kwanza. Uchaguzi wenyewe, wa chama kimoja dhidi ya kingine, huo ndio usomaji wa pili. Wengi hukosa kujitokeza kwenye wa kwanza, nikaongeza, na baadaye wanalalamika kwamba wameletewa watu wasiowataka. Kila aliyeandikishwa ana nafasi ya kusema. Asiposema, mwingine atamsemea.

"Kila aliyeandikishwa," dada akarudia.

"Kila aliyeandikishwa," nikasema, na nikajisikia vizuri sana. Kuna raha mwalimu anayoipata mara chache, pale anapoona jambo gumu limeingia kichwani mwa mtu na kukaa. Nilitembea nyumbani na raha hiyo. Sikujua nilikuwa nimeacha nusu ya somo njiani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye chai, kikapu mgongoni, dada alipopita na kopo lake kubwa la maziwa akielekea barabarani. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Nimeshafanya kazi," akasema.

"Kazi gani?"

"Nimemwambia mtoto ajiandikishe, amseme Gambuti kwenye usomaji wa kwanza. Tunaomba huku, na kule tuna mtu, kwa nini anyamaze?"

Nikasimama. "Amekujibuje?"

Akatoa simu kwenye shali, akanichezea ujumbe wa sauti. Sauti ya mpwa wangu ilitoka ikiwa na uchovu na tabasamu. Alisema sawa mama, kama ni Mwalimu amesema basi ni vizuri. Alisema Jumatatu asubuhi, akitoka kazi ya usiku, anapitia ofisi ya leseni za gari kubadilisha leseni yake, na pale huwa wanakupa fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Siku zote ameiruka. Safari hii ataijaza.

Hapo nikamkumbuka mtu. Miaka michache iliyopita, kwenye mazishi upande wa Nyamarambe, niliketi karibu na mwanamume mmoja aliyevaa koti zito kuliko siku yenyewe. Alikuwa ameishi Marekani akiwa na kibali kama cha mpwa wangu. Aliniambia, bila kuulizwa, kwamba alirudishwa kwa sababu ya alama ndogo ya kalamu. Alikwenda kuchukua leseni, akaulizwa kwa upole kama angependa kuandikishwa mpiga kura, naye akakubali kwa kuwa aliona ni adabu kukubali. Hakupiga hata kura. Miaka ikapita, akaomba uraia, na kwenye mahojiano wakamwekea mezani karatasi ile yenye sahihi yake, ikisema yeye ni raia, naye hakuwa raia. Nilimsikiliza kama unavyosikiliza habari za mvua iliyonyesha wilaya nyingine. Kisha chakula kikaletwa, nikasahau.

Jambo lilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne angelijua: anayepiga kura Marekani ni raia wa Marekani. Nililiona wazi mno hata sikulitaja. Dada yangu naye alikumbuka kitu kingine kilichokuwa wazi kwake. Binti alipokwenda Marekani, kanisa letu lilisoma barua yake ya kuhama ushirika, likaipeleka, na kanisa la kule likampokea. Tangu siku hiyo alikuwa na haki ya kuinua mkono katika kanisa lile kama mtu aliyezaliwa pale. Jina lake liliandikwa. Mimi ndiye niliyesema mambo haya mawili yanafanana.

Sijui kuficha, kwa hiyo nilimwambia palepale, na nilimwambia vibaya, maneno yakitoka ovyo. Dada aliketi juu ya kopo la maziwa.

"Anaweza kunyimwa uraia?"

"Anaweza."

"Na kurudishwa?"

"Huyo wa Nyamarambe alirudishwa."

"Nimefanya nini, ndugu yangu?"

"Umefanya nilichokufundisha."

Tulipiga simu. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi yetu, na kule Jumapili haijaisha, saa tano na robo usiku. Zamu yake huanza saa tano. Akiingia kazini, simu hufungiwa kwenye kabati mpaka asubuhi. Tulikuwa tumemkosa kwa robo saa. Tulituma maneno, tukatuma sauti, yakasimama pale na alama moja ya kijivu, hayajamfikia. Hesabu niliifanya mara nyingi siku hiyo, kana kwamba ningeikuta imebadilika: angetoka kazini saa moja asubuhi yake, ambayo ni saa kumi jioni yetu. Ofisi ya leseni hufunguliwa saa mbili, ambayo ni saa kumi na moja kwetu. Tulikuwa na saa moja tu ya kumpata, na ilikuwa mbali, ng'ambo ya mchana mzima.

Sikuweza kukaa. Nilirudi kwenye chai, nikachuma kama mtu anayefukuzwa. Kwenye kituo cha kununulia majani, karani alimwaga kikapu changu mezani, akayatawanya kwa kiganja, akaniangalia. "Mwalimu, haya ni nini? Umechuma chai au umekata ua?" Ilikuwa kweli. Mahali pa majani mawili na kichipukizi palikuwa na majani makavu, vijiti, hata ua la mgagani. Nilisimama pale nikiyachambua moja moja mbele ya wanawake niliowafundisha, na nafikiri kazi ile ya vidole ndiyo iliyonisaidia kupita saa sita.

Mchana nilikwenda kwa dada. Shemasi alikuwa ameshafika. Dada alikuwa anafagia chumba cha binti. Alikifagia, akatoka, akarudi akakifagia tena.

"Kwani hao watu ni jeshi?" shemasi akasema. "Mtu akikosea fomu si wanafuta?"

"Ni kalamu ya wino."

"Basi amwambie karani alidhani ni fomu ya kitu kingine. Mimi nimewahi kuwaambia polisi wa trafiki mambo makubwa kuliko hayo."

"Nyamaza kidogo, shemasi," dada akasema kutoka chumbani. "Nakuomba." Na shemasi, ambaye sijawahi kumwona akinyamazishwa, alinyamaza.

Nilijaribu kuandika ujumbe mmoja mfupi ambao mtu mchovu angeusoma akiwa amesimama. Niliandika na kufuta. Nilikuwa nimezoea kueleza jambo kwa kulizunguka, kuanzia mbali, kwa mifano, mpaka mwanafunzi alifikie mwenyewe. Sasa nilihitaji maneno manne na vidole vyangu vilikuwa vinaandika utangulizi. Mwishowe nikaandika: USIJAZE FOMU YA KURA. Nikautuma mara saba.

Saa kumi ikafika. Tukapiga. Saa kumi na dakika tano, alama zikawa mbili. Simu yake ilikuwa imewashwa, lakini haikupokelewa. Tukapiga tena na tena, ikaita mpaka ikakata.

"Yuko kwenye gari," dada akasema. "Nilimwapisha mimi mwenyewe. Nilimwambia akishika usukani simu aiweke kwenye mkoba, asiitoe hata nikiwa nakufa. Aliapa."

Saa moja ile sitaisahau. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kile, juu ya nailoni, na kila alipojisogeza nailoni ililia. Shemasi alisimama mlangoni akishika kofia. Mimi nilitembea kutoka dirishani hadi ukutani, simu sikioni, nikisikia ule mlio wa kuita. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na moja na dakika tano. Ng'ombe wangu walikuwa wanalia upande wa pili wa ua kwa kucheleweshewa kukamuliwa, na hakuna aliyewataja.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili akapokea.

"Mjomba! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Uko wapi?"

"Niko kwenye foleni. Mbona nimekuta simu arobaini? Ujumbe hata sijasoma. Mama yuko?"

"Yuko. Ile fomu iko wapi?"

"Ninayo mkononi. Nimeshajaza, nangoja niitwe. Wako wawili mbele yangu."

"Umejaza mahali pa kuuliza kama wewe ni raia?"

"Niliweka ndiyo. Nilifikiria, nikaona kwa kuwa nimeomba, ni kama niko njiani. Halafu ni wewe umesema, mjomba. Tangu darasa la sita sijawahi kukuona umekosea."

Nimepewa sifa nyingi na wanafunzi, na hakuna iliyowahi kunichoma hivyo. "Nimekosea," nikamwambia. "Nimekosea sana. Usiitoe. Usimpe mtu yeyote. Ikunje, toka kwenye foleni, uichane."

"Niichane wapi? Kuna pipa hapa karibu na askari."

"Usiitupe hapo!"

Dada aliruka kutoka kitandani, akapiga kelele kwenye simu kwa Ekegusii, kwa sauti ambayo lazima ilisikika barabarani: "Itafune! Mwambie aitafune!"

Upande wa pili tukasikia kicheko. Mpwa wangu alicheka mpaka akakohoa, na mtu mmoja kwenye foleni akamwuliza kwa Kiingereza kama yuko salama. Alisema ataiweka kwenye kiatu. Akatoka mpaka kwenye gari lake na tukasikia karatasi ikichanwa, vipande vidogo, karibu na simu ili mama yake asikie. Kisha akarudi ndani, akapanga foleni upya, akaomba leseni yake tu. Karani alimwuliza kama angependa kuandikishwa kupiga kura. Alitusimulia baadaye kwamba alisema "hapana, asante", na ilimchukua nguvu, kwa sababu karani alikuwa na uso mzuri wa kizee, kama wa watu anaowatunza.

Dada alilala mapema siku hiyo. Mimi nilikamua ng'ombe walionichukia.

Siku mbili baadaye nilifanya jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu. Jina langu lilikuwa limesomwa Sabato ile kuwa mwalimu wa lesoni kwa mwaka mwingine. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya uteuzi, polepole kama inavyotakiwa, nikamwambia nina pingamizi dhidi ya jina moja.

"La nani?"

"Langu."

Aliuliza sababu. Nikamweleza, nikaanzia mbali kama kawaida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kamati italiangalia. Mambo ya kamati ni siri, na shemasi ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo Ijumaa dada alikuwa mlangoni kwangu nikipiga viatu rangi kwa ajili ya Sabato.

"Umejipinga?"

"Nimejipinga."

"Nani atatueleza mambo?"

"Mtu anayemaliza anachoanza kueleza."

Dada aliangalia viatu, akaangalia uso wangu. Mwanamke huyu alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, na bado kuna siku ananiangalia kana kwamba ananipima uzito. "Siku ile yote," akasema, "sikukuona ukitafuta wa kumlaumu. Hata mimi hukunilaumu, na mimi ndiye niliyerekodi ile sauti. Lakini kuna kitu kimoja umenikosea. Mpaka leo hujanimalizia. Najua mtoto haruhusiwi. Sijui kwa nini, wala sijui mpaka lini. Umetishika, ukanyamaza. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni huwa anafuta na kuandika tena, au anauza chaki?"

Akatoa simu, akaishika mbele ya mdomo wangu, akabonyeza pa kurekodi. "Malizia. Asikie na yeye."

Nikaweka kiatu chini. Safari hii nilianza na asiyeruhusiwa. Nilisema mwenye kibali cha kuishi anafanya kazi, analipa kodi, anaendesha gari, anaweza hata kusema mtaani ni nani anayempenda, lakini jina lake haliingii kwenye orodha ya wapiga kura mpaka siku atakapoapishwa. Nilisema akiulizwa na karani ajibu hapana, hata mara mia, na hapana hiyo si utovu wa adabu. Nilisema kanisa lilimpokea kwa barua, lakini serikali humpokea mtu kwa kiapo, na kwamba mimi ndiye niliyeyachanganya. Nikaeleza na lile lililonitatiza zaidi, kwamba wanaoguswa sana na uchaguzi ule ni watu kama yeye, na hawaulizwi. Nilieleza kwa dakika kumi na moja. Mkono wa dada ulichoka, akabadilisha mwingine, hakunikatiza.

Jibu lilikuja tukiwa bado tumekaa. "Mjomba, nimesikia yote. Sasa niambieni, mmechagua nani?"

Sabato majina yalisomwa mara ya pili. La kwangu lilikuwepo. Mikono ilipoinuliwa niliutafuta wa dada yangu, nikauona ukipanda wa mwisho, polepole, kama wa mtu aliyekubali kwa sharti.

Mchana tulikuwa sebuleni tena, na maziwa, na simu dirishani. Shemasi ndiye aliyeleta habari: Gambuti amesema sasa ameanza kufikiria, na ataongea na familia yake kwanza.

"Amekuja kusalimia," dada akasema.

"Na ameshavaa tai," shemasi akaongeza.

Barua ya mahojiano haijafika. Kila asubuhi dada hufungua dirisha la kile chumba kipate hewa, na kila jioni huniuliza kama nimesoma jipya. Mchana ule aliponiuliza, kabla sijajibu, alinikatiza kwa kidole. "Anza na haki ya mtoto," akasema. "Halafu utuambie ya Gambuti." Nami nikaanza hapo.